Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: msitupangie ardhi kabla ya kuujua udongo wake

Kwa:
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Ndugu Mkuu wa Idara ya Ardhi na Maliasili.

YAH: MPANGO WA MATUMIZI YA ARDHI YA KIJIJI CHETU KUPITISHWA BILA RAMANI YA UDONGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi, barua hii si ya kwanza. Zilizotangulia zilianzia kwa Mtendaji wa Kijiji, zikapanda kwa Mtendaji wa Kata, zikagongwa mhuri kwenye masjala yako na hapo zikalala. Tuliomba kuonana na timu ya wilaya iliyotuandalia mpango, tukaambiwa tusubiri wito. Wito haujaja na msimu wa kulima uko mlangoni. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la wilaya na la kijiji nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa sitafuti kumvunjia mtu heshima. Faili unalo, kijiji unakijua. Na sitashangaa wakurugenzi wawili watatu wengine wa huku Usukumani wakiisoma wakadhani wanasemwa wao.

Niweke wazi tusichokilalamikia. Hatupingi kuwa na mpango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimetupa wanakijiji mamlaka ya kupanga ardhi yetu, na sisi wenyewe tuliomba kijiji kipimwe baada ya kuchoshwa na kesi za mipaka na ng'ombe kuingia mashambani. Tunachokilalamikia ni kwamba mstari umechorwa juu ya ardhi ambayo aliyechora hakuwahi kuishika mkononi.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, nieleze kidogo. Ukianzia kwenye mawe ya kilimani ukateremka hadi bondeni, mwendo wa kilomita mbili tatu, unapita udongo wa aina nne au tano, na kila aina ina jina na kazi yake. Juu, chini ya mawe, ni luseni: kichanga chepesi, kinalimika hata mvua hazijakolea, ndiko kwenye mihogo, karanga na viazi vya michembe. Inafuata itogolo, ya kijivu, mchanga juu na pagumu chini, inayoshika maji na kubeba majaruba ya mpunga. Katikati yake, kwa mabakamabaka, unakuta ibambasi, pagumu palipopauka, ambapo jembe linalia na mtama unakufa ukiwa na majani manne. Chini kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaonata kwenye viatu masika na kupasuka kiangazi. Kuna na ibushi, nyeusi pia lakini yenye vijiwe vyeupe vya chokaa ndani yake, ambayo mkulima wa pamba akiipata haiachii.

Haya si maneno ya wazee wa kijiweni peke yao. Miaka ya 1935 na 1936 mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, Mwingereza Geoffrey Milne, alizunguka Tanganyika akieleza jambo hilohilo: kwamba udongo wa mteremko mmoja hufuatana kwa mpangilio, na mpangilio huo hujirudia kilima hadi kilima, kwa hiyo unaweza kuchorwa kwenye ramani kama mnyororo mmoja. Wazo lake linafundishwa hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani. Majina yetu ya Kisukuma nayo yameingia katika maandiko ya kitaalamu tangu enzi hizo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ambacho hakiko mbali na hapa, kimekaa juu ya mteremko wa namna hiyohiyo. Basi mtu akituambia kwamba suala la aina za udongo ni geni, au ni la kizungu, tunashindwa tumjibu tukianzia wapi.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mpango hauna ramani ya udongo.

Tuliiomba. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu, nasi tuliandika kwa kuitaja sheria hiyo, tukiomba kujua ni taarifa zipi za udongo zilizotumika kugawa maeneo. Siku zikapita kimya. Baadaye ofisa mmoja, kwa uungwana wake, alitufungulia ripoti tukaisoma mezani kwake. Udongo wa kijiji kizima umemalizwa kwa sentensi moja: ni wa kichanga na mfinyanzi, unafaa kwa kilimo na ufugaji. Kando yake kimebandikwa kipande cha ramani ya udongo ya taifa.

Ramani ile ya taifa ni kazi ya maana na simbezi aliyeichora. Lakini imechorwa kwa kipimo cha 1:2,000,000. Milimita moja ya karatasi yake ni kilomita mbili za ardhi. Kijiraba cha milimita moja kwa moja, ambacho ncha ya kalamu ya wino inakifunika chote, ni kilomita nne za mraba, yaani hekta 400. Mteremko mzima niliouelezea hapo juu, kuanzia mawe ya kilimani mpaka mbugani, karibu wote unaishia chini ya nukta hiyo. Ramani hiyo inaweza kuisaidia wizara kuamua pamba isisitizwe mkoa gani. Haiwezi kukuambia shule ijengwe upande gani wa barabara.

2. Ngitili imehamishiwa kwenye ibambasi.

Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa hiyo unisamehe nikikaa nalo.

Ngitili ni desturi tuliyoikuta. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipumzike, kisha hufunguliwa kiangazi kinapobana, kuwaokoa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa plau. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, watu walishaanza kuuita mkoa huo jangwa. Ulipofika mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimefufuliwa katika vijiji 833, zaidi ya hekta 300,000 kwa jumla, na katikati ya safari hiyo, mwaka 2002, HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuona. Siri yake haikuwa kubwa: wenye ngitili walijua nyasi inarudi wapi na wapi hairudi, na dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, iliwabana waliovunja miiko.

Ngitili yetu ya zamani ilikuwa kwenye itogolo na ukingo wa mbuga. Mpango mpya umeipaka rangi ya kilimo. Ngitili yenyewe imesogezwa upande wa mashariki, kwenye eneo ambalo katika picha ya satelaiti lilionekana tupu na halina mgogoro. Lilionekana tupu kwa sababu ni ibambasi. Halina mgogoro kwa sababu hakuna aliyewahi kulitaka.

Naomba timu yako ije ifanye jaribio moja ambalo halihitaji maabara. Ichukue donge kavu la pale, la ukubwa wa punje ya karanga, ilitumbukize polepole kwenye bilauri ya maji ya mvua, na isiitikise bilauri. Kabla hamjamaliza kunywa chai, pembeni mwa donge litaanza kutoka wingu jeupe linalotambaa chini ya bilauri. Baada ya saa kadhaa maji yote yatakuwa yamevurugika, na hata mkiyaacha mpaka kesho hayatakaa sawa. Kisha chukueni donge la luseni. Hilo litasambaratika, mchanga utatuama na maji yatabaki maangavu. La ibushi litamomonyoka vipande vidogo vidogo bila kuyachafua maji.

Kinacholifanya donge la ibambasi litoe wingu ni sodiamu. Chumvi zake huoshwa kutoka kwenye miamba ya vilimani, huteremka na maji yanayopita chini kwa chini, na hukusanyika mahali maji yanapokwama. Zikizidi ndani ya mfinyanzi, chembe za udongo huachana. Mvua ikinyesha, chembe hizo huziba vijitundu vyote; juu panakuwa na utando mgumu, maji yanasimama au yanakimbia, na mzizi haupenyi. Jasi inaweza kuutibu udongo wa namna hiyo ikipata na maji ya kuusafisha, lakini magunia yanayohitajika kwa ekari moja, hapa hakuna mfugaji wa kuyanunua. Kufunga ngitili hapo kwa miaka kumi ni kulinda vumbi. Tena kuna la hatari zaidi: juu ya ibambasi kuna tabaka jembamba la mchanga, ndilo lenye kijinyasi kilichopo. Kundi kubwa la ng'ombe likipitishwa hapo kila siku, mchanga ule unaondoka na korongo linaanza. Makorongo mawili tayari yapo, tumewaonyesha maofisa ugani, wameyapiga picha.

3. Makazi mapya yamepangwa mbugani.

Eneo la makazi na huduma za jamii limewekwa kwenye tambarare iliyo karibu na barabara. Kwenye ramani panapendeza, na nguzo za umeme ziko jirani. Lakini tambarare hiyo ni mbuga. Mfinyanzi wake huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, mwaka hadi mwaka, na huinyanyua nyumba na kuishusha kidogo kidogo mpaka itengane. Kiangazi, ukichomeka fimbo ya kuchungia kwenye ufa wa ardhi pale, inazama nusu nzima.

Ushahidi hauko mbali. Madarasa ambayo wazazi tuliyachangia, yaliyosimama ukingoni mwa mbuga hiyohiyo, yana nyufa zinazoanzia pembe ya dirisha na kupanda mshazari hadi kwenye lenta. Ufa mmoja sasa unapitisha mwanga. Watoto wamechomeka karatasi za daftari kuzuia upepo. Fundi alituhumiwa kula saruji. Sitamtetea fundi kwa kila jambo, ila hata angeweka saruji mara mbili, msingi wa kawaida juu ya udongo ule haudumu. Anayetaka kujenga pale inambidi auchimbe mfinyanzi mweusi autoe, ajaze changarawe ya kushindiliwa, na aweke msingi wenye nondo. Wangapi kati yetu wana uwezo huo? Vyoo navyo hujaa maji masika na kubomoka kuta. Mita mia chache juu yake kuna luseni iliyo imara, na ndiko wazee walikojenga kabla ya Operesheni Vijiji ya 1974 kutushusha barabarani. Kosa lile lilifanywa kwa haraka na kwa amri. Hili la sasa linafanywa kwa GPS na semina, na linatupeleka kulekule.

Halafu mbuga si ardhi ya kuchezea. Mpunga ukishavunwa, ile unyevu inayobaki ndani ya mfinyanzi ndiyo inayootesha dengu mwezi wa nne na wa tano, wakati luseni yote imeshakauka. Tunapata mavuno mawili katika nchi inayonyeshewa milimita 600 hadi 900 tu kwa mwaka. Zile mbuga ambazo hazijalimwa, zenye migunga ya vinundu vyeusi wanamoishi sisimizi, ndizo zinazoyapunguza kasi mafuriko ya vilimani kabla hayajafika mtoni. Hizo ndizo zingeandikwa "hifadhi" kwenye mpango. Badala yake zimeandikwa "viwanja".

4. Lambo.

Mpango umeweka lambo jipya la mifugo kwenye luseni, juu, kwa maelezo kwamba maji yatateremka yenyewe kwenye mabirika. Lambo linataka mfinyanzi. Lile la kijiji jirani lililochimbwa kwenye kichanga hujaa masika na kukauka kabla ya Sabasaba, kila mtu huku analijua.

5. Walioulizwa na wasioulizwa.

Timu ilikutana na Halmashauri ya Kijiji na kamati ya mpango, ikachora ramani chini kwa vijiti na majivu, ikaondoka. Zoezi lile si baya. Lakini walioujua udongo hawakuwepo. Kina mama wanaofinyanga vyungu, wanaojua mfinyanzi upi unapasuka motoni na upi haupasuki, hawakuitwa. Wachimba visima, ambao ndio watu pekee kijijini waliowahi kuona udongo ulivyo mita tatu chini, hawakuitwa. Vijana wanaochunga walikuwa machungani. Kamati iliulizwa "hapa pana nini?" ikajibu shamba, malisho, makaburi, kisima. Haikuulizwa udongo wa hapo unaitwaje na unafanya nini mvua ikinyesha. Lingeulizwa swali hilo moja, nisingekuwa naandika barua hii.

6. Hati zinakaribia kutolewa.

Mmetangaza kuanza kutoa hati za hakimiliki za kimila kwa kufuata mpango huu. Hati ni jambo jema. Lakini hati ikishatoka, makosa yote yaliyotajwa hapo juu yanakuwa haki ya mtu, yenye jina na mhuri, na kuyarekebisha kutahitaji fidia au mahakama. Leo tunazungumzia rangi kwenye karatasi. Mwakani tutakuwa tunazungumzia nyumba.

Ndugu Mkurugenzi, majibu tutakayopewa tunayajua, kwa sababu mengine tumeshapewa kwa mdomo.

Tutaambiwa fedha hakuna. Tunachoomba hakihitaji ndege. Kinahitaji majembe, sululu, mashimo machache ya uchunguzi yenye kina cha mita moja na nusu kwenye kila aina ya udongo, watu wa kutembea mteremko wakiwa na GPS ileile mliyokuja nayo, na sampuli chache za kupeleka maabara. Kuchimba tutachimba wenyewe. Mkitaka kulinganisha gharama, linganisheni na ile ya kubomoa madarasa.

Tutaambiwa wataalamu hakuna. Nchi hii ina kituo cha utafiti wa udongo Mlingano, Tanga. Ina Ukiriguru. Ina chuo kikuu cha kilimo Morogoro ambacho kila mwaka kinatoa vijana waliosomea udongo, na baadhi yao wako mitaani wakiendesha bodaboda. Kwenye kata tuna afisa ugani.

Tutaambiwa ramani za udongo zipo kwenye intaneti, bure. Kweli zipo, nami nimezifungua kwa simu. Moja inaigawa dunia kwa miraba ya mita 250. Mraba mmoja ni hekta 6 na robo. Nyingine, ya Afrika peke yake, imefikia miraba ya mita 30, na inastahili sifa. Lakini zote mbili ni makadirio ya kompyuta yaliyotokana na sampuli zilizochukuliwa huku na huko, na hiyo ya mita 30 inaishia sentimita 50 kwenda chini. Kwetu mara nyingi tatizo liko chini ya hapo, kama ilivyo misingi ya nyumba na maji ya lambo. Zitumieni kama pa kuanzia, mje nazo uwanjani, mzikosoe nasi. Msizitumie kama sababu ya kutokuja.

Tutaambiwa majina ya kienyeji si sayansi, tena yanatofautiana kijiji hadi kijiji. Hapa nakubali nusu. Ni kweli kwamba mahali wengine wanapaita itogolo, wengine hupaita ibambasi, hasa pale mchanga wa juu unapokuwa mnene. Ndiyo sababu tunataka mashimo na maabara: uchachu upimwe, sodiamu ipimwe, kina cha tabaka gumu kiandikwe, halafu jina la Kisukuma likae pembeni ya jina la kitaalamu. Mkulima atasoma moja, mhandisi atasoma jingine, na wote wawili watakuwa wanazungumzia mahali pamoja.

Tutaambiwa mpango umeshapita. Mkutano Mkuu wa Kijiji uliupitisha, sikatai, nami nilikuwepo. Lakini mkutano ulionyeshwa rangi ya kijani, ya njano na ya kahawia, bila kuelezwa kilichoko chini ya rangi hizo. Na mkutano huohuo ndio wenye mamlaka ya kuurekebisha. Miongozo ya mipango ya vijiji ina hatua sita, na mipango ya kina ya kusimamia ardhi, ambamo udongo ungeangaliwa vizuri, imewekwa hatua ya sita, mwisho kabisa. Kijiji chetu hakijaifikia, na kwa vijiji ninavyovijua vingi huishia hatua ya nne au ya tano fedha za mradi zinapokwisha. Udongo ukingoje mpaka huko, utakuta mipaka yote imeshachorwa. Sisi tunasema upande juu, ukae kabla ya mgawanyo wa maeneo.

Liko na jingine ambalo halisemwi mikutanoni ila linanong'onwa: kwamba ramani ya udongo italeta ugomvi. Mwenye ibambasi ataona ardhi yake imetangazwa haina thamani, na mwenye ibushi ataanza kupigiwa hodi na watu wenye magari. Hoja hii siidharau. Lakini wenye magari hawangoji ramani. Tayari wameshanunua mashamba kadhaa ya ibushi, kwa bei ya luseni, kutoka kwa wajane wasiojua wanauza nini. Ramani ikiwekwa ukutani, angalau mjane naye ataiona.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Utoaji wa hati za kimila usimamishwe katika maeneo matatu yenye utata: eneo la makazi lililo mbugani, ngitili mpya ya mashariki, na ngitili ya zamani iliyogeuzwa kilimo. Sehemu nyingine za kijiji, ambazo hazina tatizo, ziendelee. Hatutaki wenzetu wacheleweshwe kwa sababu yetu.

(b) Ichorwe ramani ya udongo ya kijiji kwa kipimo kisichopungua 1:10,000, kwa kutembea miteremko pamoja na wazee, wafinyanzi, wachimba visima na wachungaji, wanawake kwa wanaume. Ionyeshe waziwazi udongo unaohitaji uangalizi wa pekee: ibambasi, mbuga na ibushi.

(c) Sampuli za kila aina zipelekwe maabara ya udongo ya serikali, na majibu yaletwe kijijini kwa Kiswahili.

(d) Timu ya wilaya irudi na ramani hiyo, ipitie upya maeneo ya makazi, malisho, ngitili na lambo, na marekebisho yapelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ndogo ziandikwe kwa kila aina ya udongo: wapi hapajengwi, wapi hapapitishwi kundi kubwa wakati wa mvua, wapi hapafyekwi. Ibambasi yenye makorongo iandikwe eneo la kupumzishwa, isihesabiwe kama malisho wakati wa kukadiria idadi ya mifugo.

(e) Nakala ya ramani ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na nyingine ikae shuleni.

(f) Tupatiwe majibu ya barua hii kwa maandishi ndani ya siku 30, na tarehe ya timu kuja. Tukijibiwa "suala linafanyiwa kazi" bila tarehe, tutalihesabu kuwa halijajibiwa, na tutalifikisha kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Tume iliyonakiliwa hapo chini.

Timu ikija, ije kabla ya mvua za vuli. Mbuga ikishalowa gari halifiki, na mashimo yatajaa maji kabla hamjaona kitu. Mwenyeji wa kuwapokea yupo, chakula kipo, na wachimbaji wa mashimo wameshajiandikisha kwa Mwenyekiti wa Kitongoji.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima na mfugaji, kwa niaba ya wanakijiji waliotia saini orodha iliyoambatishwa.

Nakala:
Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi;
Mheshimiwa Diwani wa Kata;
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji;
Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya kijiji;
Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji.